Nilikwenda Kutazama Nyumba, Nikarudi na Mama Mkwe

Wale mliokuwa gatini Kigoma siku ile mliona mlichoona: mwalimu wenu anashuka melini na sanduku begani, na hatua thelathini nyuma yake anakuja mwanamke mzee aliyefungua mwavuli mahali pasipo na tone la mvua, amekumbatia kuku, na uso ameugeuzia ziwani. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba nimeoa Kongo. Kufikia Jumapili mke wangu huyo mpya alikuwa tajiri wa shaba. Padri mwenyewe, alipofika kwenye habari za uaminifu wa ndoa, alinitazama mimi peke yangu na kanisa lilikuwa limejaa.

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa nusu ya habari kwa sababu ya aibu. Naandika yote mara moja ili tumalize. Mambo ya vibali, chanjo na picha za pasi nawaachia wanaopenda kusoma mihuri.

Yote yalianza na barua ya shemeji yangu Alfonsi, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ni kupanga herufi katika kiwanda kimoja cha kuchapa kule Elizabethville. Bwana wake alitaka kuanzisha gazeti la Kiswahili kwa Waafrika wa mji ule, na alikuwa akitafuta mtu wa kuliandika. Angepewa nyumba ya matofali. Angepewa taa ya umeme. Bwana alitaka kumwona mtu huyo kwa macho yake, na jibu alilitaka kabla mwezi haujaisha.

Sasa mimi nina miaka arobaini na sita. Nilisoma chuo kikuu huko Uganda, jambo ambalo nimewakumbusha mara nyingi kuliko mlivyopenda, na tangu hapo nafundisha kwenye chumba kile kile kinachovuja pembe ile ile. Niliposoma ile barua nilijiona nimekaa chini ya taa, kalamu mkononi, mji mzima ukingoja maoni yangu. Mke wangu, Mama Filipo, hakuona taa. Mama yake mzazi anakaa kwa huyo Alfonsi, na hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na moja.

"Nenda ukatazame," aliniambia huku akipanga samaki, migebuka mikavu, kwenye kikapu, zawadi ya mama yake. "Habari za taa usiniletee. Mtazame mama, kama anakula, kama bado anacheka. Ukirudi nataka neno moja: tunahama, au hatuhami."

"Nitamtazamaje, na mimi siruhusiwi kumwona?"

"Si umesoma wewe?"

Hapa niwaeleze. Watu wa mke wangu ni Waluba wa kaskazini ya Katanga. Kwao mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Hali hiyo huendelea mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompikia mkwe wake kuku na kumwita ndani ale. Baada ya hapo ni mwanawe. Mimi nilioa Albertville kwa haraka, mama mkwe akakaa chini ya kitenge tangu misa hadi ngoma, na kesho yake nikavuka ziwa na mke wangu. Kuku wangu hakupikwa. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa watu bila kujua kwamba kuna mlango.

Ziwani: sisi na kinanda

Meli ilitakiwa kuondoka asubuhi. Iliondoka alasiri kwa sababu ya kinanda cha bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihamia Albertville. Winchi ilikinyanyua, ikakishusha, ikakinyanyua tena, na kila kilipoyumba yule bibi alipiga kelele na mabaharia wanne wakakimbia na magunia. Jua lilipozidi, kinanda kilifunikwa turubai. Sisi abiria wa sitaha ya chini hatukufunikwa kitu. Nilitoa daftari langu, nikachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja nikaandika *Faida*, upande wa pili *Hasara*. Nilikuwa nimeamua kwamba suala la kuhama litaamuliwa kisomi. Chini ya *Hasara* nikaandika: kinanda. Kisha nikakifuta, maana kinanda si kosa la Elizabethville.

Asubuhi tuliamka Albertville. Kinanda kilishuka kwanza.

Reli: Papa Dezire na suti yake

Kwenye behewa la kwenda Kabalo nilikaa mkabala na mwanaume mnene aliyevaa suti nyeusi, soksi nyekundu na viatu vilivyong'aa hata ukaweza kunyoa ndevu mbele yavyo. Aliitwa Dezire, fundi viatu wa mtaa wa Kenya mjini Elizabethville, na alikuwa akirudi kutoka kijijini kwao alikokwenda kuonyesha suti. Hakusema hivyo, lakini alinisimulia kila mtu alivyoitazama.

"Weye papa, unaenda Lubumbashi kufanya nini?" aliniuliza. Wenyeji wengi wanauita mji wa Elizabethville hivyo, kwa jina la mto wao.

"Kutazama kama panafaa kuhamia."

"Kama panafaa!" Aliwageukia abiria wengine kana kwamba nimemtukana mama yake. "Munasikia huyu? Papa, kwetu maji inatoka mu bomba. Unafungula tu, fwaa! Taa iko mu barabara, inawaka bure, hata kama hakuna muntu anapita. Mukate ya moto kila asubuhi. Sinema ya bure, unakaa chini, unaangalia Bazungu banaanguka mu maji. Andika, andika!"

Niliandika. Upande wa *Faida* ulijaa kabla ya kituo cha tatu. Nilimwuliza kuhusu hasara, akafikiri kwa muda mrefu, akaniambia kwamba moshi wa kiwanda cha shaba unachafua kola nyeupe, lakini muntu mwenye akili anavaa nyeusi.

Wakati huo kikapu changu kilikuwa kimeanza kunukia. Aliuliza mara moja tu kuna nini humo.

Mtoni: siku mbili juu ya mchanga

Kutoka Kabalo hadi Bukama unapanda mto Lualaba. Bwana nahodha na wazungu wawili walikaa kwenye meli yenyewe. Sisi tulikaa kwenye tishali lililofungwa ubavuni mwake, pamoja na mafuta ya mawese, mbuzi, na baiskeli tatu ambazo wenyewe walizilalia ili zisiibwe. Siku ya pili, baada ya ziwa la mafunjo, tulipanda fungu la mchanga na tukakaa hapo. Nahodha alitoka, akatukana mto kwa Kifaransa, akarudi ndani kula. Kiboko mmoja alikuja kututazama, akaona hatuna jipya, akaondoka.

"Kesho tunafika," alisema Dezire.

Kesho yake alisema hivyo hivyo. Unga tulikuwa nao, wanawake walisonga bukari, yaani ugali wetu huu huu, lakini kitoweo kilikwisha. Watu wote wa tishali walijua kikapu changu kwa pua. Sina la kujitetea. Mtu mzima aliyesoma anaweza kuvumilia macho ya watu arobaini kwa muda wa mlo mmoja, mlo wa pili hawezi. Migebuka ya mama mkwe ililiwa juu ya mchanga ule hadi mifupa, na Dezire ndiye aliyegawa, tena kwa haki.

Tulipokuwa tukinawa mikono nikamwambia kwamba ile ilikuwa zawadi ya mama mkwe wangu. Akaacha kunawa.

"Ya mama mukwe! Na ulitulisha? Ah papa, uko na hatari." Kisha akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza akaisema vibaya Elizabethville. "Unajua, shida ya kwetu iko moja: bakwe. Kule kijijini mama mukwe anakaa mbali, unamukuta mara moja mu mwaka. Mu mji, sisi bote tunatoka upande moja, tunaoana sisi kwa sisi, na nyumba zinagusana. Iko kambo moja mu barabara yetu, muke yangu ni mutoto ya ndugu yake, basi mimi ni mukwe yake. Na jirani wa kuume ni mukwe yake. Na ule wa baiskeli, mukwe. Bakwe kumi na moja! Ule mama maskini anatembea na mwavuli, anafunika uso, mvua ao jua. Miaka yote hii mimi najua miguu yake tu."

Kambo ni bibi, mama mzee. Nilicheka sana. Niliona ni kichekesho cha kuandikia gazeti. Sikukiandika upande wa *Hasara*, kwa kuwa nilidhani ni hasara ya mtu mwingine.

Elizabethville: ratiba ukutani

Alfonsi alinipokea stesheni na baiskeli yake. Mji ni mzuri, siwezi kudanganya. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, miti imepandwa kwa kupimwa, na kila kitu kina mahali pake: wazungu pale, sisi huku, na katikati uwanja mtupu wa kutukumbusha. King'ora cha kiwanda huwaamsha watu wote pamoja. Usiku kingine huwaambia wenzetu waliobaki mji wa wazungu kwamba wametosha, warudi kwao. Nilihesabu taa za barabarani mpaka nikachoka, na Dezire alikuwa amesema kweli: zilikuwa zinawaka, na hakuna aliyepita.

Tulipofika kwenye kona ya mtaa wao, palepale Kenya, Alfonsi alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, akasimama, akangoja.

"Tunangoja nini?"

"Mama aingie chumba."

Nyumba ilikuwa ya matofali, kama barua ilivyoahidi. Ilikuwa na mapazia, kabati la vioo lenye sahani zisizotumika, saa ya ukutani, na mlango mmoja. Mlango huo ulitazama barabara. Jiko lilikuwa uani, na mtu wa ndani aliyetaka kufika jikoni alitoka kwa mlango wa mbele akaizunguka nyumba nzima. Nikiwa sebuleni, mama mkwe hakuweza kutoka chumbani. Akiwa jikoni, hakuweza kurudi ndani mpaka niondoke. Alfonsi, mtu wa mpangilio kwa kazi yake, alikuwa amepiga chapa ratiba nzuri kwa herufi za wino mweusi na kuibandika chini ya saa: saa fulani hadi saa fulani, Mwalimu, saa fulani hadi saa fulani, Mama.

"Kwa nini hawakuweka mlango wa nyuma?" nilimwuliza.

"Ule aliyechora nyumba alisema milango mbili inaingiza wezi."

"Na ana mama mkwe?"

"Iko Ulaya, shemeji. Anamwandikia barua."

Mama Odeti, mke wa Alfonsi, alinipa chakula kizuri na onyo moja: mchana, saa sita hadi saa nane, nibaki sebuleni. Nilifikiri ananihurumia kwa sababu ya jua.

Kesho yake nilikwenda kwa bwana wa kiwanda. Alikuwa na uso mwekundu, mikono safi, na Kiswahili alichojifunza akiamrisha.

"Wewe iko na diploma ya Bangereza?"

"Ndiyo, bwana."

Aliifikiria diploma hiyo kama mtu anayepewa noti ya nchi nyingine. Mwishowe akasema kwamba haidhuru, na kwamba kabla ya kunipa kazi anataka kuona mkono wangu. Niandike makala, kichwa chake *Faida na Hasara za Kuhamia Mjini*, nimletee Jumamosi.

Daftari langu lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi!

"Lakini hasara usiandike," akaongeza. "Ile banajua."

Niliangalia taa ya umeme iliyokuwa mezani pake, ya shingo ndefu ya kupinda. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaipeleka kwenye ile nyumba yangu ya matofali na kuiwasha.

Bombani: kosa langu

Mwandishi lazima ayaone anayoyaandika. Siku iliyofuata, mchana, nikiwa nimefika kwenye neno "bomba", niliondoka sebuleni nikaenda kulitazama. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Ratiba niliiona. Niliona inahusu sebule.

Bombani palikuwa na wanawake wachache, kwa kuwa wengi walikuwa wameshateka asubuhi. Ng'ambo ya barabara alikuwa Dezire kwenye kibanda chake cha viatu. Nilimpungia mkono, lakini alikuwa ameligeuzia bomba mgongo na alishona soli kwa bidii ya ajabu, kama mtu aliyeadhibiwa. Mwisho wa foleni alisimama mwanamke mwembamba aliyejifunika kwa mwavuli mweusi hadi mabegani. Aliwapisha wote. Ilipofika zamu yake alijaza ndoo, akajaribu kuipandisha kichwani kwa mkono mmoja, maana wa pili ulishika mwavuli. Ndoo ikarudi chini. Akajaribu tena. Wanawake wengine walikuwa wameondoka.

Ningefanya nini? Nilikuwa na makala mfukoni yenye aya nzima juu ya ustaarabu. Nilikwenda, nikasema "Shikamoo mama, nikusaidie", nikainyanyua ndoo, na kwa kuwa mwavuli ulinizuia nikausukuma pembeni kwa kiwiko.

Chini ya mwavuli yalikuwemo macho ya mke wangu, yamezeeka.

Hakuna aliyehitaji kunitajia jina. Tulitazamana kwa muda wa kutosha kuharibu miaka kumi na tisa. Kisha Dezire akageuka, akaona, akajifunika uso wake mwenyewe kwa kiatu cha mteja.

"Wee mwalimu! Unafanya nini! Ule njo kambo mwenyewe!"

Mama mkwe alikimbia. Sikujua kama umri ule unaweza kukimbia hivyo. Mimi nilibaki na ndoo mikononi, nikiwa na haya hata ya kuiweka chini, na hatimaye niliirudisha nyumbani kichwani mwangu, maji yakinimwagikia koti, huku wakwe kumi wa mtaa ule wakichungulia madirishani. Wa kumi na moja alikuwa bado ana kiatu usoni.

Chumbani: mama mkwe na kuku

Siku mbili mama mkwe hakutoka chumbani wala hakula. Mama Odeti aliingiza sahani akazitoa zilivyo. Alfonsi hakunigombeza. Alikaa akaitazama saa yake, akaniambia kwa upole kwamba mwanaume aliyeuona uso wa mama mkwe hulipa kuku, na kwamba hata hivyo mama anaweza kumkataa.

Nilielewa vizuri uzito wa jambo. Mke wangu alinituma nimtazame mama yake kama anakula. Nilimtazama, na sasa hataki kula.

Nilikwenda sokoni nikanunua kuku jike mwenye madoadoa, mnene, mwenye dharau. Dirisha la chumba cha mama mkwe lilitazama uani. Nilimwingiza kuku kwa dirisha bila kuangalia, nikakaa chini ya ukuta, mgongo kwa matofali. Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila kucha za kuku kwenye saruji. Kisha sauti, nyembamba, yenye kicheko kwa mbali:

"Kuku, karibu. Nani alikuleta?"

Nilijua ya kuwa si mimi ninayesemeshwa. Nilijua pia nani anapaswa kujibu.

"Kuku, mwambie ni mtu asiye na akili, ila amesoma."

"Kuku, njo vile nilisikia." Kisha akauliza, "Kuku, mutoto yangu Monika iko muzima?"

"Kuku, mwambie ni mzima. Alituma migebuka. Ililiwa njiani na watu arobaini, na mimi nilikula."

Hapo alicheka waziwazi, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kigoma nilikuwa na habari ya kumpelekea mke wangu. Alimwambia kuku mambo mengi mchana ule. Kwamba Alfonsi ni mutoto muzuri, hajamnyima kitu. Kwamba maji ya bomba ni matamu, ila kuyafikia lazima angoje bakwe walale usingizi wa mchana. Kwamba alipanda mistari miwili ya mahindi mbele ya nyumba, akaja mtu wa mji akayang'oa, akasema mbele ya nyumba ni pa maua. Kwamba kutwanga kumekatazwa asubuhi, kwa ajili ya wanaolala, na jioni, kwa ajili ya wanaopumzika. Kwamba saa ya ukutani inalia usiku kucha na hakuna aliyekufa.

Nilitoa daftari nikaandika upande wa *Hasara*. Ukurasa haukutosha.

Mwishowe akauliza, "Kuku, kule kwa Monika, nyumba iko na milango ngapi?"

"Kuku, mwambie ni ya udongo, na inavuja."

"Kuku, sikuuliza kuvuja."

"Miwili," nilisema. "Wa mbele na wa nyuma. Na uani kuna nafasi ya mahindi."

Ndani kuku akaacha kutembea.

"Kuku," akasema mama mkwe, "hapa hatutakukula. Mukwe anaingizwa mu nyumba ya mutoto yangu, haiingizwe mu nyumba ya kaka. Tutaenda wote batatu."

Kisha akamwita Mama Odeti, akaomba bukari.

Jumamosi nilimpelekea bwana makala yenye pande zote mbili. Alisoma upande wa kwanza akitikisa kichwa kwa furaha, akafika wa pili, akaukata kwa mstari mmoja mrefu, akanipa mkono. Kazi ilikuwa yangu. Nilitazama ile taa ya shingo ndefu. Nawaambia ukweli, rafiki zangu, niliitazama zaidi ya nilivyomtazama bwana. Nyumba ile nilikuwa naitaka mimi. Monika alimtaka mama yake.

"Siwezi kuhama, bwana."

"Sababu gani?"

"Kuku, bwana."

Alifungua kitabu chake kidogo akaandika kitu. Nadhani hadi leo kimo katika ripoti fulani juu ya wasomi wa Kiingereza.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa Alfonsi. "Bantu batasema nilimufukuza mama," alisema, na macho yake yalilowa. Lakini siku ya safari nilimkuta amesimama juu ya kiti, anaibandua ratiba polepole kwa ukucha ili isichanike. Aliikunja akaitia mfukoni. Alisukuma baiskeli na mizigo ya mama yake hadi stesheni, na njia nzima hakupiga kengele.

Kurudi: mayai matatu

Sitawarudisha kila kituo. Mama mkwe alikaa pembe moja ya behewa, mimi pembe nyingine, na katikati yetu mwavuli umefunguliwa.

"Mama, mu masini mvua hainyeshe," mkagua tiketi wa treni alimwambia.

"Kuku, mwambie mimi najua," alijibu mama mkwe. Yule bwana akamtazama kuku, akanitazama mimi, akaenda zake bila kukagua tiketi ya mtu yeyote.

Baada ya Jadotville kuku alitaga. Mama mkwe alilichemsha yai kwenye kituo kilichofuata, akaliacha katikati ya benchi. "Kuku, ile yai si yangu," alisema, akageukia dirisha. Chakula cha mama mkwe siruhusiwi kukila kabla ya kuingizwa. Nilitumia elimu yangu yote: yai ni la kuku, na kuku, mpaka achinjwe, ni faini yangu. Nikalila. Kwenye mto likaja la pili, na karibu na Albertville la tatu. Migebuka ya watu arobaini ilikuwa inarudishwa kidogo kidogo, na sikujua kama ananilipa au ananicheka.

Pale gatini mnajua mlichoona. Hamkuona kilichotokea nyumbani, kwa kuwa nilifunga lango. Mama Filipo alitoka na mikono ya unga, akafungua mdomo kuniuliza lile neno moja. Halafu akatazama juu ya bega langu, akauona mwavuli ukishuka taratibu na kufungwa. Alinipita kana kwamba mimi ni nguzo. Mpaka leo hajauliza tena.

Hii ni wiki ya sita. Mlango wa mbele ni wangu, wa nyuma ni wa mama mkwe. Napiga mluzi kabla ya kuingia uani kwangu mwenyewe, na saa za mchana sebule si yangu. Kwa hiyo mnaponiuliza kama nilihama, jibu ni ndiyo: nimehamia nusu ya mbele ya nyumba yangu. Mahindi yameota hadi dirishani. Jioni nawasikia mama na binti jikoni wakicheka, na najua wananicheka mimi, maana husikia neno "ndoo". Kuku alichelewesha mambo. Kuku anayetaga hachinjwi, amesema mama mkwe, na yule hakuacha kutaga tangu Jadotville. Nilianza kuhisi ni mpango kati yao.

Lakini leo ni siku ya tatu hajataga. Naandika nimekaa barazani, mgongo nimeuelekeza uani. Asubuhi Mama Filipo alipita na kisu akikinoa bila kunitazama. Sasa hivi kuna moshi wa kuni, kuna harufu ya mawese na vitunguu, na ile sauti nyembamba inauliza kitu jikoni, nayo haianzi tena na neno "kuku". Nimeshanawa mikono.